Mtungi Unaotoka Jasho

Katika nyumba nyingi za Tanzania mtungi wa maji bado unakaa pembeni, kivulini, juu ya mchanga, na kata juu ya kifuniko chake. Mgeni atokaye juani hupewa maji hayo, akanywa, akashusha pumzi na kuyasifu. Akiulizwa kwa nini yamepoa, ilhali ndoo ya plastiki iliyojazwa asubuhi ileile kutoka bomba lilelile ina maji ya uvuguvugu, jibu lake huwa tayari: udongo una ubaridi wake. Jibu hilo hukubaliwa na wazee, na vijana, na hata na mwanafunzi aliyepata alama zote katika swali la mvukizo.

Huyu wa mwisho ndiye anayesikitisha. Darasani alidondoshewa spiriti kiganjani, akahisi baridi, akaandika kwamba kimiminiko kinapogeuka kuwa mvuke huchukua joto la mahali kilipo. Aliandika sawasawa, kisha akayaacha maarifa hayo maabarani pamoja na chupa ya spiriti. Alipofika nyumbani aliuona mtungi umelowa nje, akadhani unavuja.

Mtungi hauvuji, unatoka jasho. Udongo uliochomwa bila kupakwa dawa ya kung'arisha hubaki na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo polepole hadi nje, na huko hewa huyachukua yakiwa mvuke. Kila gramu inayoondoka hivyo huchukua joto la jouli zipatazo 2,400, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka katika maji yaliyobaki. Kwa mtungi wa lita 20, gramu 35 tu, yaani vijiko viwili vya mezani na ushei, zingetosha kushusha joto la maji yote kwa nyuzi 1 ya Sentigredi, lau pasingekuwa na joto jingine linaloingia kutoka nje. Joto hilo huingia bila kukoma, na ndiyo sababu hajapata kuonekana mtu aliyekuta barafu mtungini.

Mpaka wa kupoa huwekwa na hewa yenyewe. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 30, mtungi bora kabisa unaweza kukaribia nyuzi 18. Joto likiwa lilelile na unyevu ukawa asilimia 80, mtungi huohuo utakwama karibu na nyuzi 27. Basi mkazi wa Dodoma anayeusifu mtungi wake wakati wa kiangazi, na yule wa Tanga anayelalamika wakati wa masika kwamba ameuziwa mtungi mbovu, wote wawili wanamsingizia mfinyanzi.

Hata hivyo, si haki kuwacheka wazee wanaosema udongo ni baridi. Usemi wao unaweza kupimwa, na usemi unaopimika unastahili heshima maabarani. Itafutwe mitungi miwili iliyo sawa, ilowekwe kutwa nzima, kisha mmoja uviringishwe karatasi ya plastiki kutoka shingoni hadi kitakoni. Yote miwili ijazwe maji, iwekwe kivulini penye upepo, na vipimajoto visomwe kila baada ya nusu saa. Ikiwa ubaridi ni wa udongo, mitungi yote itapoa sawasawa. Somo hili lingefaa litangulie spiriti, kwani hakuna mwanafunzi anayekunywa spiriti nyumbani kwao, au yafaa kutumaini hivyo.

Siku hizi iko desturi ya kuipaka mitungi rangi ya mafuta ili ipendeze. Mtungi wa namna hiyo ni pambo zuri la sebuleni, lakini kwa tabia umekwisha kuwa ndoo ya plastiki. Mtungi mkongwe nao hupatwa na jambo kama hilo, vitundu vyake vinapozibwa na chumvi za maji na uchafu. Tena jasho hupoza tu, haliui vijidudu. Maji ya kunywa hayana budi kuchemshwa kwanza, na kata iwe na mpini mrefu ili vidole visiogelee humo.

Darasa litakalomaliza kupima mitungi hiyo miwili litakuwa bado na swali la kugombania: mtungi uliojazwa nusu hupoa upesi kuliko uliojaa, au hukawia?