Hodi, Daka na Simu

Nyumba za mawe za kale za Lamu zilijengwa na watu waliojua kuwa kila neno lina mahali pake. Dakani, kwenye baraza zilizo pande mbili za mlango, huketi mwenye nyumba na majirani, wakazungumza bei ya samaki na khabari za safari. Mgeni asiyezoewa hukomea hapo. Ndani husemwa ya ndani. Anayetaka kuingia hupiga hodi, na akinyamaziwa mara tatu hurudi zake bila ya kununa.

Adabu hii si ya wageni peke yao. Surat An-Nur, aya ya 58, yataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani yawapasa kutaka ruhusa: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya isha. Ni wangapi kati yetu wanaowafundisha wana wao haya?

Sasa imekuja simu, nayo haijui daka wala chumba. Mke humpelekea mumewe ujumbe wa sauti juu ya maradhi ya binti yao. Mume yuko barazani kati ya wacheza bao, naye huufungua kwa sauti kuu. Mtaa mzima ukasikia ya chumbani! Binti huyo atapitaje hapo kesho?

Kijana, sauti ya mtu iweke sikioni, au ngoja uondoke penye watu. Nawe mama, kabla hujasema, muulize kwanza: uko wapi, na uko na nani?