Liacheni Baraza

Kuna maneno ambayo kwa kurudiwa tu hupata heshima ya ukweli. Mojawapo ni hili linalosikika kila pembe ya Visiwa: kwamba baraza ni kiwanda cha uvivu, kitalu cha fitina na aibu ya mji unaotaka maendeleo. Mkubwa wa serikali hulisema anapoulizwa juu ya vijana wasio na kazi. Mhubiri hulisema anapokemea usengenyaji. Mwenye hoteli halisemi kwa mdomo wake. Yeye huajiri mlinzi, na mlinzi ndiye anayewaambia wazee wasogee kidogo, wageni wapite. Watatu hawa hawapatani katika mengi, ila katika hili kauli yao ni moja. Na wote watatu wamekosea.

Baraza halina haja ya kuelezwa kwa mtu wa pwani, lakini lina haja ya kukumbushwa. Ni benchi la kujengea lililoshikana na ukuta wa nje wa nyumba: kwa mawe na chokaa upande wa Mji Mkongwe, kwa udongo na saruji upande wa Ng'ambo. Masika yanapojaza maji vichochoroni, watu hupita juu yake. Lakini kazi yake khasa ni kukaliwa, na wanaokaa aghalabu si wa nyumba ile. Jambo hili lipimwe uzito wake. Mtu amejenga kwa mali yake, juu ya kiwanja chake, akakiacha kipande cha jengo upande wa nje wa mlango kwa ajili ya watu asiowajua, ambao hawatamlipa wala hawatamwomba ruhusa. Ni wakfu usioandikwa. Miji mingapi duniani ina wakfu wa namna hiyo katika kila mtaa?

Lugha nayo imetoa ushahidi wake. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni kutoka nje na kuonekana. Mswahili alipotafuta jina la vikao vyake vya juu kabisa, hakulitafuta mbali: akasema Baraza la Mawaziri, Baraza la Mapinduzi, Baraza la Wawakilishi. Yule mkubwa anayewatukana wanaobarizi mtaani, asubuhi yake huenda akaketi katika baraza lenye viti vya kuzunguka. Kote kuwili watu huketi, husema, hupingana na huafikiana. Tofauti iliyo wazi ni posho.

Basi na itazamwe ile inayoitwa ajizi. Alasiri imeswaliwa, jua limelegea. Muuza kahawa anafika na dele lake la shaba juu ya jiko la makaa, akigonganisha finjani zake ili walio ndani wajue kuwa amefika. Kahawa ni chungu, na pembeni yake pana kashata. Kwa sarafu chache mtu amepata kinywaji. Na asiye nazo amekaa vile vile, maana hapana anayeuliza. Hapo pana mvuvi aliyerudi na mshipi mtupu. Pana mstaafu ambaye kiinua mgongo chake kimekwama katika ofisi fulani. Pana mjane wa kiume ambaye nyumba yake, tangu mkewe alipozikwa, imekuwa kubwa kupita kiasi. Huyu hakuja kuomba ushauri, na lau angeulizwa hali yake angejibu kuwa ni njema. Amekuja kusikiliza watu wakibishana juu ya mpira, kutoa kete moja katika dhumna, na kuitwa kwa jina lake. Akikosekana siku mbili, ya tatu mtu atakwenda kugonga mlango wake.

Hilo la kugongewa mlango ndilo kiini cha shauri lote. Maliwazo ya mwanadamu hayamo katika kahawa, wala katika kete, wala hata katika mazungumzo, ambayo mara nyingi ni yale yale ya jana. Yamo katika kujua kuwa pana mahali ambapo kutokuwepo kwake kutaonekana. Nyumbani mtu huonekana kwa sababu ni damu moja na waliomo. Kazini, kwa sababu kuna mshahara na saa ya kuingia. Barazani huonekana bure, kwa kuwa ni mtu tu. Wahenga hawakupoteza maneno waliposema kuwa mtu ni watu.

Shutuma ya kwanza, basi, ni uvivu. Wanaoitoa wangefanya vyema kutazama saa. Baraza hujaa baada ya alasiri na baada ya isha, kazi zikiwa zimekwisha. Akionekana mvuvi ameketi saa nne za asubuhi, mshutumu ambaye hajui maji kujaa na maji kupwa asidhani amemfumania mvivu. Mwenzake huyo alikuwa baharini wakati yeye amelala. Ama vijana wasio na kazi, hao wapo, na ni wengi. Lakini ni mantiki gani inayosema kuwa jiwe ndilo lililowanyima kazi? Lingevunjwa leo baraza la mwisho, kesho wangeamka vile vile bila ya kazi, na zaidi ya hapo bila ya mahali pa kusikia kuwa fundi fulani anatafuta msaidizi au kuwa jahazi fulani limepungukiwa baharia. Kibarua katika Visiwa hivi hutangazwa kwa mdomo kabla hakijafika karatasini, na mdomo huo huketi barazani.

Shutuma ya pili ni fitina, nayo ni ya zamani kuliko Visiwa vinavyodhani. Mwaka 1511 huko Makka, Khair Beg, aliyesimamia mji kwa niaba ya Wamamluki wa Misri, alipiga marufuku kahawa baada ya kuchukizwa na mikusanyiko ya wanywaji wake. Amri yake haikudumu. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne alifunga nyumba za kahawa za Istanbul. Tarehe 29 Disemba 1675 mfalme Charles wa Pili wa Uingereza naye aliamuru zifungwe, akitoa sababu mbili ambazo mtu wa Unguja atazitambua mara moja: kwamba watu wanapoteza humo wakati wao wa kazi, na kwamba humo huzuliwa uvumi dhidi ya serikali. Kelele za raia zilikuwa kubwa hata akaiondoa amri hiyo siku chache baadaye, kabla haijaanza kutumika. Kumbe wanaolikemea baraza leo hawakuvumbua kitu. Wanarudia hotuba ya watawala watatu ambao kahawa iliwashinda.

Atasema mtu: Je, Visiwa havikuonjeshwa fitina ya barazani? Vimeonjeshwa, na haifai kuificha. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mabaraza yaligawika. Huku maskani ya chama hiki, kule baraza la chama kile, kila moja na bendera yake na ubao wake wa maneno makali. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 chuki ilifika hadi watu kususiana maduka na mazishi. Mwezi wa Januari 2001 damu ilimwagika. Lakini mwenye kuyasoma vizuri mambo hayo ataona kuwa ni hoja ya kulitetea baraza. Maradhi hayakuletwa na watu kuketi pamoja. Yalikuja walipoacha kuketi pamoja, kila mmoja akabaki na wa rangi yake. Baraza la chama kimoja limekwisha kuwa tawi la chama, limepoteza ile sifa ya kumpokea kila apitaye. Na maridhiano ya Novemba 2009, yaliyofuatwa na kura ya maoni ya Julai 2010, hayakuonekana kwa raia katika hati zilizotiwa saini. Yalionekana pale mtu wa chama hiki alipomsogelea wa chama kile juu ya jiwe moja na kumwagizia kahawa. Yaliyokuja baadaye yameonesha jinsi amani hiyo ilivyo nyepesi. Sababu zaidi ya kutovunja hata jiwe moja la kuikalia.

Na wakati Visiwa vinalionea haya baraza, wakubwa wa dunia wanalitafuta kwa tochi. Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Japani ikafuata mwaka 2021. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kuwa mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Mwanasosholojia wa Kimarekani Ray Oldenburg alikwisha kuonya mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1989 alieleza kuwa mtu anahitaji mahali pa tatu, pasipo nyumbani wala kazini, naye alipahesabu: mikahawa, saluni, maduka ya mtaani, na baa ndogo za jirani.

Msomaji wa pwani asistuke kwa hilo la baa. Wanaozijua baa ndogo za Ulaya na Marekani wanasema kuwa wengi hawafuati kileo. Humfuata muuzaji anayewajua kwa majina, na kiti ambacho wenzao wanajua ni cha nani. Kiu yao ni ile ile ya mjane wa barazani. Kilichopo ni kwamba wao lazima waagize kinywaji ili wapewe haki ya kukaa, na mfuko ukikauka haki hiyo nayo hukauka. Watu wa pwani walipata dawa ile ile bila ya ulevi na bila ya bili. Kuitupa leo, wakati wenzao wanaunda wizara kuitafuta, ni kioja.

Lakini inatupwa. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na ipo mamlaka ya kuuhifadhi tangu mwaka 1985. Milango huhesabiwa, roshani hupigwa picha. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib siku ya tarehe 25 Disemba 2020 kuliliza watu, na kwa haki. Nani aliyelia kwa mabaraza? Katika njia zinazopitwa na watalii mengi yamekuwa meza za vinyago na vitambaa, na aliyekuwa akikaa hapo sasa anapita tu. Kahawa imeingia ndani ya kioo, na bei yake imeandikwa kwa dola. Nyumba imehifadhiwa, jirani amehama. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia ndege, msala huo ulipita kweli, na waliobaki kuulizana khabari walikuwa ni wale wale wa mtaani.

Ipo shutuma moja ambayo haistahiki kujibiwa kwa kejeli, nayo haitolewi na yeyote katika wale watatu. Ni ya wanawake. Baraza ni la wanaume, wao hupita mbele yake chini ya macho ya waliokaa, na sifa zote zilizotajwa hapa haziwafiki. Ni kweli. Wao walijitengenezea vikao vyao: uani, katika nyumba za harusi, katika vyama vya kuzikana. Nyumba ya Siti binti Saad huko Ng'ambo ilikuwa mahali watu walipokusanyika kusikiliza nyimbo zilizozitaja hukumu za dhulma na mateso ya wanawake. Lakini ua nao unapotea, nyumba ya ghorofa haina ua. Mwenye kulitetea baraza kwa dhati hana budi kudai na upande wa pili: bustani, ukumbi, kivuli cha mwembe ambapo mwanamke naye atakaa bila ya kununua na bila ya kutolewa macho. Mkate mdogo huongezwa. Hautupwi kwa kuwa haukutosha.

Na wapenzi wa ushairi wasidhani kuwa haya hayawahusu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyesifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni, alifariki mwaka 1840. Diwani yake ilipigwa chapa mwaka 1940. Miongo mingi beti zake ziliishi vinywani mwa watu, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya kutoka katika kumbukumbu zao. Vinywa hivyo vilikuwa wapi vilipozisema? Ushairi wa kujibizana hauna uhai bila ya mtu wa kujibu, na fumbo halina utamu bila ya mwenzako aliyekaa karibu anayekereka kwa kushindwa kulifumbua. Mtunzi anayesoma utenzi wake mbele ya simu yake husikilizwa na maelfu, lakini hapana hata mmoja atakayemkatiza kwa kumwambia kuwa mizani ya kipande cha pili imepungua. Barazani angekatizwa papo hapo, na shairi lingepona.

Yanayodaiwa si makubwa. Mamlaka inayolinda milango na ilinde mabaraza kwa sheria ile ile, na si kulilinda jiwe tu, bali na haki ya kulikalia. Anayenunua nyumba mjini na ajue kuwa amenunua na wakfu wa waliotangulia, hivyo baraza la nje si rafu ya duka lake. Vyama vya siasa na viondoe bendera zao juu ya viti vya watu. Na mhubiri, badala ya kulikemea baraza kwa usengenyaji, na aje akae. Kuna mjane pale ambaye hajakwenda kwake kumpa mkono wa tanzia.