MPANDA YAWEZA KUUNDA NDEGE



Wako watu ambao wakisikia tunasema vijana wa Katavi waunde ndege hucheka mpaka machozi yakawatoka. Wasema ndege ni kazi ya Ulaya, na kazi ya Mpanda ni kupasua mninga na kurina asali. Waliodai Uhuru nao walichekwa hivyo hivyo.

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyofika mwaka 1950, ilijengwa na wakoloni ili kuchukua risasi iliyochimbwa katika migodi yetu. Mali ikaondoka, mashimo yakabaki. Leo ubao wa mninga wapakiwa garini kwenda mbali, nasi twaridhika na ujira wa mpasuaji. Je, huo ndio ufundi tulioutaka tulipojitawala?

Ndege tunayoisema ni glaida, yaani eropleni isiyo na injini, yenye viti viwili, cha mwanafunzi na cha mwalimu, kila mmoja na usukani wake. Huvutwa kwa kamba ndefu na mashine iliyo chini. Ikifika juu huiachia kamba, kisha huzunguka katika hewa ya moto ipandayo, kama wafanyavyo tai juu ya mbuga za Katavi wakati wa kiangazi. Angani haili petroli hata tone. Kijana aliyeimudu amekwisha shika misingi ya urubani kwa gharama ndogo.

Kuiunda si siri ya mzungu. Wajerumani walirusha ASK 13 mwaka 1966: mabawa ya mbao, mita 16 kutoka ncha hadi ncha, na kiwiliwili cha mabomba ya chuma kilichofunikwa kitambaa. Wahindi, walipokwisha kujitawala, walibuni Rohini yao ya viti viwili, ikaruka mwaka 1961. Hizo ni kazi za seremala, mchomeleaji na fundi cherehani, chini ya mhandisi mwenye hesabu sahihi. Nani atasema Mpanda haina maseremala?

Hatuwadanganyi watu. Mninga ni mzito mno kwa mhimili wa bawa. Hapo hutakiwa mbao nyepesi yenye nyuzi zilizonyooka, na misindano ya Sao Hill ni lazima ipimwe kwanza kama yafaa. Bawa la kwanza lisipande na mtu. Lipakiwe mifuko ya mchanga mpaka libebe mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa litakaoupata angani. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikague kila hatua, maana gundi mbaya huua.

Tena tujifunze kwa Ghana. Mwaka 1962 Nkrumah alimwita Hanna Reitsch, Mjerumani aliyekuwa rubani wa majaribio wakati wa Hitler, aongoze shule ya glaida huko Afienya. Nkrumah alipopinduliwa Februari 1966, mama huyo akaondoka na kazi yake ikakatika. Ujuzi ulioazimwa huondoka na mwenyewe.

Huko Morogoro ndege ndogo za Skyleader, za viti viwili, zimekuwa zikiunganishwa. Twapongeza. Lakini anayeunganisha hufuata ramani ya mwenzake, na ramani hiyo ni ya Cheki. Tutaunganisha vya watu mpaka lini?

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kinachofundisha utunzaji wa ndege, kishirikiane na vyuo vya ufundi vya Katavi kuchora ramani yetu wenyewe. Pili, mbao zetu zipimwe na majibu yatangazwe wazi. Tatu, sehemu ya ushuru wa mninga irudi Mpanda kununua vifaa vya karakana hiyo.

Kila tawi lipeleke madai haya kwa diwani na mbunge wake, na wasiojibu waulizwe mbele ya mkutano. Mti ni wetu na vijana ni wetu. Haifai ramani peke yake iwe ya watu.