Nahodha Akigeuza Chombo, Alipwe

Kila mwaka ikikaribia Oktoba, papa potwe wanapoanza kuonekana kwa wingi upande wa Kilindoni, simu yangu hailali. Wanaopiga ni watu wa Dar es Salaam, na wengine ni watoto wa hapa hapa Mafia walioweka akiba mjini. Wote wanataka kununua boti ya kukodisha watalii Utende, nao wananiuliza mimi kwa sababu nina chombo ufukweni hapa tangu 2014. Faiba au mbao? Mashine ya 15 au ya 40? Nawajibu kwa moyo mkunjufu, maana biashara ni nzuri na nafasi ipo. Kisha linakuja swali la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niandike: "Mama, hesabu ya nahodha niweke shilingi ngapi kwa siku?"

Neno hilo, hesabu, limetoka kwenye daladala na bodaboda. Unamkabidhi kijana chombo, jioni anakuletea kiasi mlichopatana, kinachobaki ni chake. Asipopata abiria, shauri yake. Mimi nasema hesabu isipande chomboni. Tena naongeza: nahodha akiona bahari imekataa akageuza, alipwe kwa kugeuza.

Sisemi haya kama mtu wa pembeni. Hesabu niliiweka mwenyewe.

Marehemu mume wangu aliniachia mashua ya kuvulia iliyoundwa Jibondo, kisiwa ambacho mafundi wake wa vyombo wana sifa tangu zamani. Mimi ni mtu wa ukili na mwani, usukani sijaushika. Nikauza nyavu, nikaweka mabenchi, turubai la kivuli na majaketi okozi. Ukaguzi wa chombo wakati ule ulikuwa wa SUMATRA, siku hizi ni TASAC. Ulinichukua muda lakini ulipita. Unahodha nikampa mtoto wa dada yangu, aliyekulia ndani ya mashua hiyo hiyo akifua maji tangu hajabalehe. Tukapatana 50,000 kwa siku, Ijumaa anapumzika.

Asiyeijua Utende ataona nakuza mambo. Ghuba ya Chole imekingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na asubuhi ya shwari maji yanatulia kama yamo kwenye sinia. Kuvuka kwenda kuwaona popo wa Chole ni mwendo mfupi tu. Tangu 1995 yote haya yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini. Lakini ghuba ina mlango, Kinasi, unaotokea bahari kuu. Siku za bamvua maji ya ghuba hupita pale kwa nguvu ya mto uliofurika. Yakiwa yanatoka, na kusi nalo linasukuma mawimbi kutoka nje, vinakutana mlangoni na bahari inasimama. Wazamiaji wanalijua hilo: miezi ya kusi huzama ndani ya ghuba, mbizi za nje wanazingojea kaskazi.

Ilikuwa Agosti 2016, maji ya bamvua, saa mbili asubuhi. Wageni wanne, siku yao ya mwisho kisiwani, walitaka kutoka nje ya Kinasi wakaione bahari kuu. Kijana akawaambia maji yanatoka, wasubiri yageuke, kama saa tano. Ndege yao ilikuwa saa nane. Mmoja wao akasema wasipotoka sasa hawalipi, vyombo viko vingi. Wiki ile nahodha wangu alikuwa amekosa wageni siku tatu, na nilikuwa namdai 150,000 za hesabu. Akatoka.

Walirudi saa sita. Kilichoniingia machoni kwanza ni mikono yake. Kamba ya demani ilikuwa imemchuna, kiganja cha kulia kimefunguka kutoka kwenye kidole gumba hadi karibu na kifundo, ngozi imejikunja pembeni kama ganda la ndizi. Wimbi liliingia kwa omo, mashine ikazimika, chombo kikaanza kulala ubavu. Wakatweka tanga, yeye akashika demani na usukani pamoja, baharia wake akawa anafua maji kwa ndoo, na yule mgeni aliyekataa kulipa akafua kwa kofia yake. Kuingia tena ndani ya mlango huku maji yanawavuta nje kuliwachukua zaidi ya saa nzima. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja katika wale wageni alishuka, akaketi mchangani na jaketi lake bado amelifunga, midomo imepauka. Akakaa hivyo muda mrefu bila kumjibu mtu.

Nikamuuliza kijana: "Mwanangu, kwa nini hukugeuza?"

Akainamisha kichwa. "Mama mdogo, ningegeuza, jioni ningekuja kwako na nini?"

Nikaenda nyumbani kumtafutia dawa ya mkono. Hesabu ile iliishia siku hiyo, na lile deni sikulitaja tena.

Wavuvi wetu hawana hesabu. Chombo kikirudi, zinatolewa gharama za mafuta, barafu na chakula, na kinachobaki kinakwenda mafungu: la chombo, la mashine, la nyavu, na ya mabaharia. Bahari ikikataa wote wanakosa, mwenye chombo akiwa mmoja wao, kwa hiyo naye asubuhi anatazama mawingu kama wanavyotazama wao. Wazee walikuwa na busara kubwa katika mgawo huu. Lakini mashua hiyo hiyo ikibadilishwa ibebe watalii, tunalitupa fungu na kushika hesabu, na hofu yote tunamwachia mtu mmoja aliyekaa tezi.

Siku hizi nagawa hivi: yakishatoka mafuta, mafungu matano. Mawili ya nahodha na mabaharia, mawili yangu, moja la matengenezo, maana tanga linachakaa na mbao zinataka kalafati na deheni kila mara. Na kila mgeni kabla hajapanda anapewa karatasi, Kiswahili na Kiingereza: nahodha akigeuza baada ya kung'oa nanga, nusu ya nauli hairudi. Nusu hiyo ni ya nahodha na watu wake, mimi siigusi.

Wageni hawajanisumbua. Wanaisoma, wanauliza kama hutokea mara nyingi, nahodha anawajibu mwenyewe, wanapanda. Wanaonipinga ni wenye vyombo wenzangu na watu wanaotuletea wageni. Mmoja aliniambia namlipa kijana kwa uvivu: atageuza kila siku, ale nusu, akalale.

Hoja hiyo nimeifikiria sana, sikuidharau. Lakini nusu ni nusu, na mtu mwenye watoto haachi nzima aifuate nusu. Isitoshe, ufukwe wetu ni wazi. Ukigeuza siku ya shwari manahodha wote wanakuona, na fedheha ya kuitwa mwoga wa maji hapa Utende si ndogo. Kusi lililopita kijana aligeuza mara nne. Mbili kati ya hizo, mimi nisingegeuza. Lakini mimi nilikuwa nchi kavu.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipotufikia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, vyombo vikafungwa, na sikumsikia mtu anadai hesabu. Siku kama ile uamuzi ni mwepesi, serikali imeshaukata. Ugumu uko kwenye siku za kawaida za kusi, jua linawaka, wageni wamevaa kofia, na kilichobadilika ni rangi ya maji mlangoni. Hakuna tangazo la redio litakalomwambia nahodha kwamba Kinasi saa mbili haifai na saa tano inafaa. Hilo analijua yeye, na tunamtaka aliseme huku mfuko wake ukimwambia anyamaze. Hata vyombo vikubwa kusi halivionei haya: meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, na boti zetu za Utende zingeingia ndani yake zikakaa.

Kuna hesabu nyingine inayovaa jina zuri, nayo ni marejesho. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na nafurahi kila nikiona vijana wa hapa wakinunua boti kwa fedha hizo. Ila Aprili na Mei ni masika, hoteli nyingi za Utende zinafunga, na anayedaiwa kila mwezi ataingia Juni akiwa nyuma miezi miwili, kusi likiwa limeshika. Huyo ndiye atakayepita mlangoni asipopaswa kupita. Mkopo wa boti ya watalii upumzike miezi hiyo miwili. Deni halitapungua hata shilingi, litasogea tu.

Na wanaokagua vyombo wahesabu majaketi, waangalie mashine, kisha wamuulize nahodha analipwaje. Hifadhi nayo ina geti lake hapa hapa Utende na inatujua chombo kwa chombo. Sharti la nusu nauli likiwa la wote, hakuna mgeni atakayemtisha kijana kwamba vyombo viko vingi, maana chombo cha pili kitamwambia maneno yale yale.

Mikataba yangu na hoteli mbili inaisha mwishoni mwa Septemba. Ya mwaka huu nimeiandaa mwenyewe. Sharti la kugeuza nimeliandika la kwanza, juu ya bei.