Dawa kali za maumivu zisikatwe ghafla

Mgonjwa aliyeandikiwa tramadoli, kodeini au mofini akazitumia kwa miezi au miaka asiziache kwa siku moja. Tunalisema wazi kwa sababu wapo wanaojaribu: aliyevunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda, mwenye mgongo usiopona, mwenye selimundu. Siku anapoambiwa kwamba vidonge vyake ni vya jamii moja na heroini, anashtuka, anatupa pakiti yote na kuapa hatavigusa tena.

Kinachofuata mitaani wanakiita arosto. Ndani ya siku moja au mbili miayo haikatiki, pua inachuruzika, machozi yanamtoka bila kulia. Kisha jasho, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kuhara, na miguu isiyotulia usiku kucha. Nyumbani wengine wanadhani ni malaria, wengine wanaanza kunong'ona kwamba amekuwa teja. Mwili uliozoea dawa kila siku ndivyo unavyofanya ukinyimwa, hata kama mgonjwa hakuwahi kuzidisha kidonge kimoja.

Kosa si la wagonjwa peke yao. Nchini Marekani dawa hizi ziliandikwa ovyo kwa miaka, vifo vikaongezeka, na mwaka 2016 kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikatoa mwongozo wa kubana matumizi. Baadhi ya madaktari wakaushika vibaya, wakawakatia dawa watu waliozitumia kwa miaka mingi. Aprili 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ikalazimika kutoa onyo: kukata ghafla kumeleta arosto kali, maumivu yasiyozuilika, msongo wa mawazo, hata watu kujiua.

CDC ilirekebisha mwongozo wake mwaka 2022. Aliyetumia dawa kwa mwaka mmoja au zaidi hupunguziwa takriban asilimia 10 kwa mwezi, au taratibu zaidi ya hapo. Tuchukue mfano wa anayemeza vidonge vinane vya tramadoli vya miligramu 50 kwa siku, yaani miligramu 400. Asilimia 10 ni miligramu 40, karibu kidonge kimoja. Mwezi mzima basi, kazi ni kutoka vinane kwenda saba tu. Mwili ukisumbuka, daktari anasimamisha kwanza upunguzaji hadi utulie, kisha wanaendelea. Vidonge vinavyotoa dawa polepole visikatwe wala kusagwa, maana dozi yote huweza kuingia mwilini kwa mara moja. Mjamzito naye asipunguze chochote bila daktari.

Hatari inayoua zaidi huja baadaye. Aliyekwisha kupunguza au kuacha, mwili wake hauwezi tena dozi ya zamani. Maumivu yakirudi akameza kiasi kile kile cha mwanzo, pumzi inaweza kukata usingizini, hasa akichanganya na pombe au dawa za usingizi. Familia nzima ijue hili, na masalio ya vidonge yasibaki kabatini.

Hatusemi dawa hizi ni adui. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku anastahili mofini yake bila kusimangwa, na si kila anayezitumia anatakiwa kuacha. Tunachodai ni kwamba anayeacha asiachwe peke yake.

Ujuzi upo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa mbadala ya kutibu uraibu, kwa waraibu wa heroini mwaka 2011, na wahudumu wa kliniki za aina hiyo wanaijua arosto kuliko mtu yeyote. Wizara ya Afya iwatumie kuwafundisha wenzao wa hospitali za wilaya, ambako mgonjwa wa mgongo huandikiwa dawa leo bila kuambiwa atazimalizaje. Daktari anayeandika dawa hizi kwa muda mrefu aandike na mpango wa kuziacha. Muuza dawa anayezitoa bila cheti aache mara moja.

Nawe msomaji unayezitumia, usizitupe na usione haya. Nenda kwa daktari ukiwa na pakiti yako mkononi, mweleze unameza ngapi na tangu lini, kisha mwombe mpange pamoja namna ya kupunguza.