Uongo wa Fundi Una Mnunuzi

Kaa kwenye msiba, panda daladala, subiri zamu saluni: ukitaja neno fundi tu, hakosekani mtu wa kudakia, "Mafundi waongo." Wa cherehani, wa magari, na sisi maseremala ndio kabisa. Imeshakuwa kama imani, haijadiliwi. Mimi ni seremala, naongoza wenzangu kwenye ukarabati wa nyumba za watu hapa Dar es Salaam, na nakiri kwamba nimewahi kudanganya. Ila uongo wenyewe haukuzaliwa karakana kwangu.

Ulizaliwa na swali. Mwenye nyumba anakuita, anakuzungusha jikoni dakika kumi, hata kigae kimoja hakijabanduliwa, halafu: "Fundi, utamaliza lini?" Ukijibu kweli, wiki tisa, anaguna. Jioni atakuja mwingine, atasema tatu. Kazi atapewa nani? Basi na mimi kwa miaka nilisema tatu, maana nina watoto. Tunampa kazi anayetaja tarehe fupi, tunamwacha anayetaja tarehe ya kweli, kisha tunashangaa mji umejaa waongo.

Chukua jiko moja la Sinza. Kazi ya kawaida: kabati za juu na chini, topu ya granaiti, vigae ukutani, rangi. Mama mwenye nyumba alinunua vifaa mwenyewe na kunilipa ufundi tu. Alishawahi kuibiwa, simlaumu. Kabati zikafungwa, kikabaki kitu kimoja, sinki. Alikuwa hajaamua, la bakuli moja au mbili. "Endelea na mengine fundi, sinki ni kitu kidogo."

Mengine yapi? Mkata granaiti hatoboi topu mpaka aliweke sinki lenyewe mbele yake, kwa sababu akizidisha sentimita mbili jiwe zima limekwenda. Topu isipokaa, fundi vigae hana pa kuanzia, safu yake ya kwanza inakaa juu ya topu. Vigae visipokauka, fundi bomba hafungi koki ya ukutani. Fundi rangi yeye alichungulia mlangoni, akaona hali, akaenda kuchukua kibarua kingine Mbezi. Siku kumi na moja tumesimama. Ya kumi na mbili sinki likaja kutoka Kariakoo, la bakuli mbili, sentimita 80. Kabati nililokuwa nimelifunga lilikuwa la 60. Nikalibomoa.

Majirani waliambiwa nini? Fundi kachelewesha.

Anayeshika pochi ndiye anayeshika kalenda, lakini lawama za kalenda zote tunabeba sisi. Na usiniambie niongeze vijana. Jiko la mita tatu kwa tatu, mafundi wanane watakanyagana, na vigae havikauki haraka kwa kutazamwa na watu wengi.

Kuna jambo lingine ambalo wateja karibu wote hawaulizi: hizi mbao zimekaa kivulini muda gani? Sisi wa mbao tuna kipimo cha kukadiria, kwamba ubao mgumu ukikaushwa kwa hewa tu unataka karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Sasa mtu anataka milango ya mninga, fremu za inchi mbili, na anaitaka kabla ya Krismasi, kanipigia Novemba. Nitampata muuza mbao wa kunipa mninga wa jana, na mlango utapendeza kweli siku ya sikukuu. Ubao unasinyaa kwa upana, sio kwa urefu, kwa hiyo miezi michache baadaye paneli imejitenga na fremu yake, mwanga unapita, na komeo halioni tundu lake. Mlango huo uliwahi tarehe. Yule aliyekataa kuutengeneza ndiye anayeitwa mbabaishaji.

Wapo wenzangu wanaochukua advansi ya huyu kumalizia kazi ya yule, na simu wanazima. Hao sina utetezi wao, waiteni mtakavyo.

Mimi siku hizi sitaji tarehe siku ya kwanza. Natoa daftari, naandika vitu ambavyo mwenye nyumba lazima awe ameviamua: sinki, jiko la gesi, upana wa friji, vitasa, rangi. Siku zinaanza kuhesabiwa kitu cha mwisho kikifika saiti. Halafu naacha wiki mbili tupu, hazina kazi yoyote. Wateja wanaziona hizo wiki kama nawaibia. Mwishoni mwa 2023, mgao wa umeme ulipotushika na mashine ya kuranda ikalala kutwa, ndizo zilizoniokoa. Na masika yakianza Machi huwa nazila zote.

Kuna dada alinipigia mwezi uliopita, nyumba ya pili kutoka karakana. Milango saba na jiko. Nikamuuliza sinki ameshanunua? Akacheka, akasema bado yuko Instagram anachagua. Nikamwambia wiki kumi, zihesabiwe sinki likifika. "Sawa fundi, nitakupigia."

Hakupiga. Jumamosi nimepita pale asubuhi, gari limeegeshwa getini, vijana wanashusha mbao. Nimeushika ubao mmoja. Ulikuwa mzito na wa baridi, kiganja kimetoka na unyevu. Kijana aliyekuwa anahesabu kaniambia wamepewa wiki tatu.