Ajali ya Kazini Isiandikwe 'Aliteleza Nyumbani'

Si mara moja wala mbili nimeletewa kijana hapa Likoni, kidole kimesagwa na mnyororo au jicho limeingia cheche za chuma, na kabla sijamwuliza neno, mnyapara aliyemleta humjibia: "Daktari, huyu aliteleza nyumbani." Kijana hutazama chini. Pesa hulipwa papo hapo, jeraha hushonwa, sindano ya pepopunda hudungwa, na ajali imekwisha. Imekwisha kwa tajiri, lakini si kwa kijana.

Nakiri kwamba hata mimi, miaka ya nyuma, niliwahi kuandika kwenye kadi "jeraha la mkono" nikaishia hapo. Baada ya miezi kadhaa mgonjwa alirudi. Kidole hakikunjiki, kazi amefutwa, na anataka barua ya daktari. Niandike nini, ikiwa kadi yangu mwenyewe haikutaja aliumia wapi wala kwa chombo gani?

Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka wa 2007, ambayo wengi huijua kwa jina la WIBA, haina utata hapa. Mfanyakazi amwarifu mwajiri, hata kwa mdomo. Mwajiri naye ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na mtu akifa, afisa wa eneo aarifiwe katika muda wa saa 24. Fomu yenyewe ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Madai ya fidia yawasilishwe kabla ya miezi 12 kupita.

Aliyelemaa kabisa hukadiriwa mapato ya miezi 96. Aliyepoteza sehemu tu ya nguvu zake hupata kwa kadiri ya asilimia, kwa hivyo asilimia 10 ni mapato ya zaidi ya miezi 9. Je, kibarua wa godauni au wa mjengo akikosa hayo kwa sababu ya maneno mawili ya uongo kwenye kadi, atalisha watoto kwa nini? Na asidhani kwamba kwa kuwa hakuandikiwa barua ya kazi basi hana haki.

Kuna na hili. Mashine moja ikikata vidole vya watu watatu, daftari la ajali litaonyesha kwamba haina kikingio. Lakini kama wote watatu "waliteleza nyumbani," basi mkaguzi aje akague nyumba zetu!

Magonjwa ya kazini pia huripotiwa, na hapo ndipo sisi madaktari hulala zaidi. Kule Owino Uhuru, ng'ambo ya Changamwe, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka wa 2007. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aliuguliwa na mtoto, na hospitalini mtoto akapimwa malaria na homa ya matumbo kabla ya kugunduliwa kwamba ni sumu ya risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Wakazi walishinda kesi mwaka wa 2020, wakapokonywa ushindi kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikawarudishia fidia ya shilingi bilioni 1.3 Desemba 2024. Swali la "mama, unafanya kazi wapi?" halina gharama yoyote, nasi hatuliulizi.

Kwa hivyo ukiumia, mwambie msimamizi mbele ya wenzako siku hiyo hiyo. Kwa daktari, taja mahali, saa na mashine, na usiondoke kabla hujaona yameandikwa. Kadi usimwachie mnyapara akuwekee.

Nami siku hizi mnyapara akiniletea mgonjwa, humwomba kwanza angoje nje.